Kiatu Chenu Kinalowa

Mvua ikianza kunyesha mjini Kastamonu, Uturuki, watu wa Soko la Makuba Tisa walikuwa na mchezo wao. Mtu mmoja, yeyote yule, alitoa kichwa nje ya duka lake, akatazama juu ndani ya kuba, ambako huoni kitu ila matofali na njiwa, kisha akapaza sauti kuelekea duka la akina Damda: "Jamani, kiatu chenu kinalowa!" Uchochoro mzima ukaangua kicheko. Bedriye Damda aliyasikia maneno hayo tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na mimi niliyekuwa mmoja wao nasema kweli, sijapata kuona watu wanaosahau wema wa mtu upesi kama wale na kukumbuka kiatu chake muda mrefu kama wale.

Kiatu chenyewe kilitupwa huko juu enzi za babu yake, Fundi Tahsin, wakati Sultani bado yuko Istanbul na mafundi wa soko wanahukumiana wenyewe. Hamali mmoja alinunua kwa Tahsin jozi ya viatu vyekundu vya ngozi. Mvua ya kwanza tu, soli ya kimoja ikaachama. Hamali hakwenda kwa kadhi. Alikwenda asubuhi chini ya kuba la kati, mahali ambapo mafundi wote husimama duara kuomba dua kabla ya kufungua maduka na kuahidi kwamba hawatamdanganya mteja. Akakiinua kiatu juu ya vichwa vyao, akauliza, "Haya, na huyu aliyeshona hiki, aliahidi nini?"

Mkuu wa mafundi viatu akakikagua. Akamwamuru Tahsin ampe hamali jozi nyingine, kisha akatoka nje, akazungusha mkono, akakirusha kile kibovu juu ya paa. Ndiyo iliyokuwa adhabu. Kiatu cha fundi aliyeharibu kazi kilikaa paani, apitaye akione, na hakikushuka ila kwa mkono wa nyumba iliyokitengeneza, baada ya kukiri kosa na kukirekebisha mbele ya wenzao.

Tahsin hakukiri. Alisema soli ilikuwa nzima, kwamba hamali aliichana mwenyewe, kwamba ni husuda tu. Alisema hivyo mpaka anaingia kaburini. Lakini tangu siku ile hakuingia tena katika duara la dua. Alikuja kila asubuhi, akasimama kando, kwenye nguzo ya upande wa kaskazini, akainua mikono yake pale. Mwanawe, Remzi, akairithi ile nguzo kama wengine wanavyorithi shamba.

Huyu Remzi ndiye baba yake Bedriye, mtu mpole kupita kiasi. Serikali ilipoamuru kila nyumba ijichagulie jina la ukoo, alipanga foleni akiwa na jina lake moyoni: Saglam, maana yake imara. Nyuma yake kwenye foleni walikuwa wenzake wa sokoni, na wale hawana dogo. Karani alipouliza, "Jina la ukoo?" wao wakadakia kwa pamoja, "Damda! Damda!" yaani paani. Karani, aliyekuwa na watu mpaka barabarani wanamngoja, akaandika alichokisikia. Remzi alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Basi tena, tumeshakuwa wa paani kwa muhuri wa serikali." Mkewe akacheka mpaka akakaa chini, na Remzi naye mwishowe akacheka, kwa sababu alikuwa hajui kukasirika.

Bedriye hakuchukua upole huo. Alichukua mikono. Remzi hakuwa na mtoto wa kiume, wala hakusumbuka kumlilia Mungu ampe. Alimkalisha binti yake kwenye kigoda kando yake, mahali pazuri kuliko pote dukani, pale mwanga wa dirisha dogo lililo chini ya kuba unapoangukia asubuhi. Sokoni hapakuruhusiwa taa wala jiko tangu lilipojengwa, kwa kuogopa moto. Hata chai ilichemshwa nje ya lango la chuma na kuletwa mbiombio. Kwa hiyo mafundi wa pale walijifunza kuufuata mwanga. Asubuhi walishona wakitazama huku, alasiri wakageuza vigoda wakatazama kule, na jua likizama nyuma ya mlima wa ngome, vidole vikamalizia vyenyewe.

Alijifunza kukata ngozi kwa kufuata kalibu, kupaka uzi nta, kutoboa kwa msharasi bila kujitoboa. Alijifunza kukishona kiatu ndani nje, halafu kukipindua kikiwa kimelowa, kazi inayotaka mkono wenye nguvu na roho isiyo na pupa. Na alijifunza kipande cha tatu.

Kipande cha tatu kilikuwa cha nyumba yao tu. Mafundi wengine wote waliweka ngozi mbili katika soli: ya nyati chini, ya ng'ombe juu. Nyumba ya Tahsin iliweka nyingine katikati, nyembamba, iliyolowekwa kutwa na kugongwa kwa nyundo mpaka ikalainika kama unga uliokandwa. Ilikula ngozi na saa, na mteja mwenyewe haioni. Wenzao waliwatania, "Nyie mnamshonea mtu kiatu au mnamjengea nyumba?" Bedriye alipomuuliza baba yake sababu, alijibiwa, "Ndivyo babu yako alivyotaka," na nyundo ikaendelea.

Posa zilikuja. Mama wa kijana mmoja alikaa sebuleni, akanywa kahawa, akasifu mikono ya binti, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Nyie ndio wa kile kiatu?" Hakurudi. Wa pili hakungoja hata kahawa ipoe. Bedriye alilia kwa huyo wa kwanza. Kwa wa pili alikwenda dukani akashona jozi mbili, na jioni akamwambia mama yake kwamba yeye, kama ni kuolewa, ameshaolewa na soli. Alikuwa anatania, lakini miaka ikapita na utani ukawa ndio hali yenyewe. Moyoni alibaki na neno moja tu la babu: kiatu kilikuwa kizima. Aliliamini kama watu wanavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Sasa tufike kwenye mwaka wenyewe, ule ambao Bedriye alikuwa ameshaingia miaka arobaini na mama yake ameshatangulia mbele ya haki. Mikono ya Remzi ilianza kutetemeka. Kwanza hakuweza kutia uzi kwenye sindano, kisha hakuweza kushika nyundo. Kazi yote ikawa ya Bedriye, na wateja hawakuona tofauti. Tofauti ilikuwa kwenye desturi. Maduka ya Makuba Tisa ni mali ya wakfu, na duka la fundi viatu hupewa fundi aliyefungwa aproni na wenzake chini ya kuba la kati, yaani aliyekubaliwa kuwa fundi kamili. Remzi alikuwa amefungwa ujanani, kabla baba yake hajaharibikiwa. Bedriye hakuwahi. Akifa Remzi, au akishindwa kabisa kuja, duka litarudi kwa wakfu, na mfanyabiashara mmoja wa viatu vya plastiki alikuwa ameshaanza kupita pale akilipima kwa macho.

Bedriye akapiga moyo konde, akamwendea Mzee Hilmi.

Mzee Hilmi ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi viatu, mjukuu wa yule aliyekirusha kiatu. Alikuwa na masharubu makubwa na sauti ya kukwaruza, na duka lake lilitazamana na la akina Damda, kiasi kwamba kila asubuhi wao ndio walikuwa wa kwanza kuonana.

"Mzee, nataka kufungwa aproni," Bedriye alisema.

"Nilijua utakuja. Kaa, mwanangu. Chai?"

"Nitakunywa ukishanijibu."

"Basi itapoa." Akavuta masharubu. "Sikiliza. Wako watakaosema mwanamke hafungwi aproni. Mimi hilo siliogopi. Mimi nina mke, najua nani anafunga na nani anafungwa. Na kazi yako naiona kila siku, sina la kuisema. Lakini nyumba yenu ina kiatu paani."

"Miaka yote hiyo, Mzee!"

"Hata ingekuwa mia. Mkono uliokirusha ni wa babu yangu. Unadhani ni raha kuurithi mkono kama huo? Kishusheni, mkubali kosa, mkirekebishe, mimi mwenyewe nitakufunga. Vinginevyo nikikufunga leo, kesho nitamwambia nini anayeweka karatasi kwenye soli?"

"Babu yangu hakuwa na kosa."

"Basi chai imepoa," akasema Mzee Hilmi, na kweli ilikuwa imepoa.

Mungu naye ana namna yake. Majira hayo hayo wakfu uliamua kuliezeka soko upya. Lilikuwa linavuja vibaya. Wakati wa vita vya zamani askari walikuja wakabandua mabamba ya madini ya risasi juu ya makuba mawili, wakaenda kuyayeyusha yakawa risasi za bunduki, na waliokuja baadaye kuziba wakaziba nusunusu. Pasha, mkubwa wa enzi za masultani aliyelijenga, ambaye kila mtaa unadai alizaliwa kwao, angelia kuona maji yanavyotiririka kwenye kabati za mawe alizochonga ukutani ili wauza hariri waweke bidhaa zao pakavu. Wakaletwa mafundi wa risasi kutoka pwani ya Bahari Nyeusi, na kiongozi wao aliitwa Dursun, mtu mwenye pua ndefu na mdomo usiopumzika.

Bedriye alimvizia Dursun anaposhuka kula mkate.

"Kaka, huko juu hujaona kiatu?"

"Dada, huko juu nimeona njiwa, nimeona kiota cha korongo, nimeona na nguo za ndani za mtu zilizopeperushwa na upepo, sitasema za nani. Kiatu bado."

"Ukikiona usikiguse. Niite mimi."

"Cha dhahabu?"

"Cha babu yangu."

Dursun akaacha kutafuna. Hata pwani walikuwa wameshasikia habari ya kiatu. "Kama kipo," alisema taratibu, "hakipo juu. Waliotutangulia kuziba paa wasingeweza kukishusha, si chao, na wasingekiacha wazi wakawa wanajikwaa nacho kila siku. Wangekizika kwenye udongo, chini ya risasi. Nitafungua bonde la kupitisha maji lililo upande wenu nikiwa mwenyewe."

Jioni Bedriye alimweleza baba yake, macho yakimng'aa. Kitaonekana, alisema. Watu watakiona kwa macho yao kwamba ni kizima, na Mzee Hilmi atalazimika kuomba radhi badala ya kuombwa. Remzi alikuwa anakoroga supu yake bila kuinywa.

"Acha kiatu kilale, mwanangu."

"Kwa nini, baba?"

"Kimezoea," akasema.

Dursun alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, saa ya chai ya asubuhi, akasema kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya kunong'ona na kwa wengine ilikuwa ya kawaida, "Dada, mgonjwa wako ameamka." Bedriye akavua aproni ya kazi, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akapanda ngazi. Chini watu wakatoka madukani. "Jamani, Damda wanahamia kwao!" mmoja akapiga kelele, na kicheko kikamfuata mpaka juu.

Hakuwahi kuliona soko lake kwa juu. Makuba tisa yalikaa matatu matatu kama mikate iliyowekwa kwenye sinia kuumuka, na ukiyatazama pale ndipo unapoelewa kwamba uzito wote ule unabebwa na nguzo nne tu na kuta za pembeni. Kuba la kati lilikuwa kubwa kidogo kuliko mengine. Kati ya kuba na kuba palikuwa na mabonde ya kupitisha maji, na kwenye bonde moja Dursun alikuwa amekunja bamba la risasi kama mtu anayekunja zulia. Chini yake ulikuwa udongo mkavu uliochanganywa na makapi ya ngano, na ndani ya udongo, umbo la kiatu.

Alipiga magoti. Akaufukua udongo kwa vidole. Kilitoka kigumu kama gome la mti, wekundu umekuwa kahawia, lakini kizima juu kote. Akaugeuza ukingo karibu na jicho, akaona mshono, na moyo ukamruka: mishono midogo iliyolala upande mmoja, na mwisho wake fundo lililorudishwa ndani, vilevile kama alivyofundishwa. Ulikuwa mkono wa babu yake. Hakumwahi babu huyo, na sasa alikuwa anamshika mkono.

Kisha akaigeuza soli. Ilikuwa imeachama kidoleni, kama alivyosema hamali. Ndani, pale ambapo ngozi ya ng'ombe ilipaswa kuwa, palijazwa matambara na karatasi iliyokunjwa, juu pakapakwa gundi na utando mwembamba wa ngozi ili pasionekane.

Bedriye alikaa chini kwenye udongo. Hakuna aliyemhusudu Tahsin. Hakuna aliyemchania soli. Alikuwa amebania ngozi, amemuuzia hamali, mtu anayekula kwa miguu yake, kiatu cha karatasi. Na kwa ajili ya hicho baba yake alisimama nguzoni maisha yake yote, na yeye mwenyewe alizipoteza zile posa, na hakupata kuvisikia vicheko vya mvua bila kusema moyoni, ipo siku mtaona. Alikasirika na marehemu mpaka akaona aibu ya kumkasirikia marehemu.

Dursun alikuwa akitazama, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukapumzika. Halafu akasema, "Dada, mimi sijaona kitu. Ukitaka, nakirudisha, naweka udongo mpya, nafunika risasi mpya. Hakitaonekana tena labda wajukuu wa wajukuu wakizaa. Utasema umetafuta hukupata."

"Na duka?"

"Duka sijui. Mimi ni mtu wa mapaa."

Bedriye akakifunga kiatu kwenye kitambaa, akashuka. Watu walimwona usoni wakampisha bila utani, jambo ambalo halikuwahi kutokea sokoni pale. Aliingia dukani, akarudisha mlango, akakiweka kiatu mapajani kwa baba yake.

Remzi hakukifunua. Alikipapasa tu kwa vidole vinavyotetemeka, juu ya kitambaa.

"Matambara?" akauliza.

"Na karatasi. Ulijua, baba?"

"Niliogopa. Kuogopa si kujua." Akakisogeza kiatu karibu na kifua. "Nilimuuliza mara moja, nikiwa kijana, kwa nini tangu siku ile ya hamali sisi tunaweka kipande cha tatu na wengine hawaweki. Alinizaba kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo wala baadaye. Kisha akageukia ukuta akalia, na nyundo iko mkononi. Sikumuuliza tena."

Bedriye alikitazama kigoda alichokuwa akikalia tangu utotoni, na ile nyundo, na rundo la vipande vya tatu vilivyokatwa jana na kulowekwa kwenye karai. Vingapi vilipita katika mikono ya nyumba hii, vikaingia ndani ya viatu vya watu, mahali asipoona mtu? Mzee yule hakuweza kulitamka neno chini ya kuba. Alilishona. Alilishona katika kila kiatu, siku zote, akamfundisha mwanawe alishone, na mwanawe akamfundisha yeye, na wote watatu wakawa wanaomba radhi bila wawili kati yao kujua.

"Alikuwa mwoga," Bedriye alisema.

"Alikuwa baba yangu," alijibu Remzi.

"Yote mawili, baba." Akafuta uso kwa upande wa mkono, akachukua kiatu, akakitia ndani ya karai, kando ya vile vipande. "Kilowe mpaka asubuhi. Kikavu hivi hakishoneki."

Asubuhi mafundi walipokusanyika kwa dua chini ya kuba la kati, Bedriye alikuja na kigoda chake. Alipita katikati ya duara, akakiweka kigoda pale pale mwanga unapoangukia, akakaa. Akakiinua kiatu, kinachuruzika maji.

"Mzee Hilmi, wazee wangu, ndugu zangu," alisema. "Kiatu hiki ni cha nyumba yetu. Kilijazwa karatasi. Hamali alisema kweli na babu yako, Mzee, alihukumu kweli. Kosa ni letu. Naomba nikirekebishe."

Hakuna aliyecheka. Mzee Hilmi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ungemwona alivyokuwa amesimama, kifua mbele. Kifua kikashuka. "Rekebisha, mwanangu," akasema.

Akayatoa matambara, akayaweka sakafuni mbele ya kila mtu. Akaikata soli ya zamani. Akachukua ngozi ya ng'ombe, akaiweka. Akachukua kipande cha tatu, akakiweka. Akachukua ya nyati, akatoboa, akashona, akivuta uzi wa nta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Maduka hayakufunguliwa. Muuza chai alileta sinia, akaleta nyingine. Wateja waliokuja kununua walibaki wamesimama nyuma ya mafundi wakiuliza ni maiti ya nani. Dursun na vijana wake wakachungulia kwenye madirisha ya chini ya kuba, vichwa vimepangana, wakasababisha giza mpaka wote wakawapigia kelele, "Mnatuzibia mwanga, pumbavu nyie!"

Alipokata uzi wa mwisho alikipaka mafuta ya kondoo, akampa Mzee Hilmi kwa mikono miwili.

Mzee alikikunja, kikakunjuka. Alikigonga kwa kifundo cha kidole. Akaagiza birika la maji, akamimina ndani ya kiatu mpaka kikajaa, akakishika hewani juu ya kiganja chake kikavu. Watu wote walikitazama kiganja hicho. Mtu akakohoa, akakaripiwa. Mzee alisimama hivyo mpaka mkono wake ukaanza kuchoka, na kiganja kikabaki kikavu.

"Hii ya katikati," aliuliza polepole, "ndiyo mnayoiweka siku zote? Ile tunayowachekea?"

"Ndiyo, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya hamali."

Mzee Hilmi alimwaga maji, akayafuta masharubu ingawa hayakuwa yamelowa. "Basi babu yako alikwisha kukishusha zamani," alisema. "Sisi ndio hatukutazama ndani." Akafungua aproni yake mwenyewe kiunoni, si mpya iliyokuwa tayari kabatini, akamfunga Bedriye kwa fundo la nyuma kama desturi ilivyo. Nilikuwapo, na sioni haya kusema kwamba nililia, na walionicheka walikuwa wanalia pia. Mfanyabiashara wa plastiki alipita mchana, akaiona aproni, akaendelea na safari yake.

Mvua ilianza siku iliyofuata, alfajiri, kubwa kwelikweli. Tulipokusanyika chini ya kuba la kati wote tulitazama juu kwanza. Risasi mpya ilikuwa inapigwa na maji kama ngoma na hapakudondoka hata tone. Bedriye alikuwa amesimama mlangoni kwake, aproni kiunoni, anafagia. Mzee Remzi alikuja akiegemea fimbo, taratibu, na miguu yake, bila kumuuliza, ikampeleka kwenye nguzo ya kaskazini. Akasimama pale, akainua mikono.

Dua haikuanza. Mzee Hilmi aligeuka akamwona.

"Remzi! Unafanya nini huko?"

"Nasimama, kaka."

"Sogea hapa, bwana. Tunakungoja wewe."

Duara likafunguka. Alitembea ile nafasi fupi kutoka nguzoni mpaka katikati, na hakuna aliyemshika mkono, kwa sababu ilionekana anataka kutembea mwenyewe. Alipofika, mtu mmoja nyuma, muuza vikapu, kwa mazoea tu, mvua ikiwa imemwingia kichwani, akapaza sauti: "Jamani, kiatu chenu kina..." Akajiziba mdomo.

Mzee Remzi alitazama juu ndani ya kuba, akatutazama sisi, uso wote umejaa machozi na kicheko.

"Kiko ndani," akasema.